Kanzu Nyeupe, Taraza ya Zambarau: Namna ya Kuwapaka Rangi Askari Wadogo wa Iberia ya Kale

Mwaka 216 K.K., kwenye uwanda wa Cannae kusini mwa Italia, Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma, aliweka katikati ya safu yake watu wa aina mbili: Wagauli, watu wa jamii ya Kiselti, vifua wazi, na Waiberia, watu wa rasi yenye Hispania na Ureno za leo. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, anasema Waiberia walivaa kanzu fupi za kitani zenye taraza ya zambarau, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Livy, Mroma aliyeandika baada yake, anaongeza kwamba kanzu hizo ziling'aa kwa weupe wa ajabu.

Maneno hayo machache ndiyo ramani yako yote unapopaka rangi visanamu vya askari hawa kwa mchezo wa vita wa mezani. Ukiupata weupe, na ukiipata ile taraza, kikosi chako kitatambulika na mtu aliyesimama upande wa pili wa meza hata kama viatu na mikanda umevipaka haraka. Ukivikosa hivyo viwili, utakuwa na kundi la watu wenye mikuki ambao wangeweza kuwa wa taifa lolote. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye nguo, na mengine tutayapita upesi.

Nazungumzia visanamu vya milimita 28, kipimo kinachohesabiwa kutoka nyayo hadi machoni. Kama vyako ni vya milimita 15, punguza mikono ya rangi, yaani tabaka zake, iwe miwili badala ya minne na usijisumbue na mapambo madogo.

Jua unampaka nani

Neno "Waiberia" hutumiwa kwa watu wengi, na hapo ndipo makosa ya rangi huanzia. Waiberia wenyewe walikaa mwambao wa mashariki na kusini wa nchi iitwayo leo Hispania. Hao ndio wa kitani cheupe. Waseltiberia walikaa bara, kwenye nyanda za juu zenye baridi, na Diodorus wa Sicilia, mwanahistoria Mgiriki, anasema walivaa majoho meusi ya sufu nzito inayofanana na manyoya ya mbuzi, kofia za shaba zenye mashungi mekundu ya zambarau, na miguuni walizungushia vitambaa vya nywele. Walusitania walikuwa magharibi, upande wa Ureno ya leo, wenye ngao ndogo na deraya za kitani. Kisha kuna wapiga kombeo wa visiwa vya Balearic, mashariki mwa Hispania, nao wana habari yao.

Angalia pia ngao ya kila kisanamu. Mwenye ngao ndefu ya umbo la yai aliitwa na Warumi *scutatus*. Mwenye ngao ndogo ya duara, *caetra*, alikuwa *caetratus*, mtu mwepesi wa kukimbia na kurudi. Wote wawili wamechongwa kwenye mawe yaliyofukuliwa Osuna, karibu na Seville, mawe ambayo sasa yako kwenye makumbusho ya taifa ya akiolojia huko Madrid. Tafuta picha zake uziweke mbele yako unapofanya kazi. Utaona jinsi kanzu inavyobana kiunoni kwa mshipi mpana na kuishia juu ya goti. Mikunjo hiyo ndiyo utakayoipaka.

Vifaa

Brashi mbili zinatosha: moja namba 1 yenye ncha inayokusanyika vizuri, na nyingine pana, kuukuu, ambayo huioni tabu kuiharibu. Rangi ziwe za akriliki: nyeupe, nyeusi, kijivu, krimu inayofanana na mfupa, rangi ya mchanga, kahawia mbili (moja nzito, moja nyepesi), nyekundu iliyokolea, buluu, kijani, rangi ya chuma, rangi ya fedha na rangi ya shaba. Zambarau usinunue, tutaichanganya. Ongeza kichupa kimoja cha rangi nyepesi ya kivuli ya kahawia, ile inayotiririka kwenye mabonde ya nguo yenyewe. Mimi hutumia sana rangi ya Vallejo, kwa sababu chupa yake inadondosha tone moja moja na haikauki mdomoni. Inatengenezwa Catalonia, Hispania, mwambao uleule waliokaa Waiberia, jambo linalonifurahisha kila nikifungua chupa.

Kwenye joto, akriliki hukauka kabla hujainua brashi. Tengeneza kibao chenye unyevu: chukua kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, tandika tishu zilizolowa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, kisha changanyia rangi hapo. Usiku lifunike, na asubuhi utaikuta rangi ingali hai. Hili si anasa. Bila kibao hiki mchanganyiko wa krimu uliotumia leo hutaupata tena kesho, na kanzu zako zitatofautiana.

Kuandaa na kupaka praima

Osha visanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uvisugue kwa mswaki wa zamani. Mafuta ya kiwandani yakibaki, rangi itabanduka. Kwangua mistari iliyoachwa na kalibu kwa kisu chenye makali, ukikiburuza kama unayepara magamba ya samaki, si kukata. Bandika mikono na mikuki, lakini ngao usizibandike bado. Ngao ikishakaa mahali pake, nusu ya kanzu haifikiki tena. Kila kisanamu kibandike juu ya kifuniko cha chupa ya maji upate mahali pa kushika.

Praima, rangi ya kwanza inayozishika nyingine zote, iwe ya kijivu chepesi au rangi ya mfupa. Wengi hushauri nyeusi kwa askari wa kale, na kwa Mroma mwenye deraya ya pete ni sawa, lakini juu ya nyeusi weupe utakula mikono sita na bado utaonekana mchafu. Kama ni ya kupuliza, simama nje, umbali wa sentimita 20 hadi 30, pitisha haraka mara tatu badala ya kukaza mara moja. Hewa yenye unyevu ni adui. Nilipoteza kikosi kizima cha watu 12 kwa kupuliza asubuhi moja ya masika: praima ilitoka na chembechembe kama ukungu, nikalazimika kuiondoa yote. Siku hizi nikiwa pwani nangoja saa nane au saa tisa mchana jua likiwa wazi, au napaka praima kwa brashi, mikono miwili myepesi.

Ngozi

Anza na ngozi kwa sababu iko ndani kabisa, na brashi itagusa kola na mikono ya kanzu. Rangi ni maji ya kunde: kahawia nyepesi na tone la krimu, kwa watu wa Bahari ya Kati wanaoishi juani. Paka, mimina rangi ya kivuli ya kahawia, iache ikauke kabisa, kisha rudia ile rangi ya mwanzo kwenye pua, mashavu, vifundo vya vidole na magoti. Macho siyachori. Mstari mmoja wa kahawia nzito chini ya nyusi unatosha. Kwa umbali wa meza jicho lililochorwa vibaya humfanya askari aonekane ameshtuka.

Kitani

Hapa tulia. Kosa la kila anayeanza ni kupaka nyeupe kwanza. Nyeupe ni kilele cha rangi. Ukianzia kileleni huna pa kupanda, na mikunjo yote inapotea. Kitani cha kweli pia si cheupe kama karatasi. Kina nyuzi, kina umanjano kidogo, na kivuli chake kina joto. Kitani cha Saetabis, mji uitwao sasa Xàtiva, kilisifiwa na Warumi kuwa miongoni mwa vitani bora walivyovijua, kwa hiyo usiogope kumvika askari wako nguo nzuri.

Mkono wa kwanza: sehemu mbili za kijivu chepesi, sehemu moja ya rangi ya mchanga. Ongeza maji mpaka iwe kama maziwa. Paka kanzu yote, pamoja na ndani ya mikunjo. Itaonekana mbaya, kama nguo ya mtu aliyelala vumbini. Usitishike.

Mkono wa pili: krimu ya mfupa, nyembamba vilevile, kila mahali isipokuwa ndani ya mikunjo, chini ya mshipi na kwapani. Ule mchanganyiko wa kwanza ndio sasa umekuwa kivuli. Kama krimu haijafunika vizuri, ngoja ikauke, rudia. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Nyeupe nzito ikikauka huwa kama chokaa ya ukutani, na chembe zake huonekana.

Mkono wa tatu: krimu na nyeupe nusu kwa nusu. Punguza eneo: juu ya mabega, kifua, migongo ya mikunjo.

Mkono wa nne, nyeupe tupu, ni mistari tu. Gusa ukingo wa bega, kilele cha kila mkunjo, basi. Ukijizuia hapa, jicho la mtazamaji litaona kanzu nyeupe ya kung'aa, ingawa nyeupe halisi haifiki hata robo ya nguo.

Fanya watu wanne hadi sita kwa pamoja, mkono mmoja kwa wote, kisha mkono unaofuata. Ukimaliza wa mwisho, wa kwanza ameshakauka. Weka akiba ya ule mchanganyiko wa kwanza, maana utauhitaji kurekebisha makosa ya taraza.

Taraza

Zambarau ya kale ilitoka kwenye konokono wa baharini, kazi iliyowatajirisha Wafoinike, mabaharia wa mwambao wa Lebanoni ya leo, ambao walikuwa na miji yao kusini mwa Iberia. Haikuwa urujuani wa chaki za watoto. Pliny, mwandishi Mroma, anasema zambarau ya Tiro, mji wa Wafoinike, iliyothaminiwa zaidi ilikuwa na rangi ya damu iliyoganda. Sisi tuna jina la rangi hiyo tayari: damu ya mzee. Basi changanya nyekundu iliyokolea sehemu tatu, buluu sehemu moja, na tone la nyeusi. Ukiiona inaelekea damu ya mzee yenye kivuli cha zambarau, umefika.

Taraza inakwenda kwenye pindo la chini, mikono na shingo. Kwenye milimita 28, upana wa milimita moja unatosha. Usijaribu kuchora mstari ulionyooka kwa mpigo mmoja. Fanya hivi: weka vinukta vidogo kuzunguka pindo kwa umbali sawa, viunganishe, kisha nenepesha mstari mpaka uwe mpana *kidogo kuliko unavyotaka*. Ukikauka, chukua krimu na ukate ukingo wa juu wa taraza kwa brashi yenye ncha. Ni rahisi zaidi kunyoosha zambarau kwa kutumia nyeupe kuliko kuichora ikiwa imenyooka. Mahali ambapo mkunjo unashuka ndani, taraza nayo lazima ishuke. Ikipita juu kwa juu kama utepe uliobandikwa, nguo inakufa.

Mwanga wa taraza: ongeza nyekundu kwenye mchanganyiko, gusa sehemu zilizo juu ya mikunjo. Usiongeze nyeupe, itageuka waridi.

Je, wote wawe na taraza ileile? Taraza, ndiyo, kwa sababu Polybius anaieleza kuwa desturi. Lakini hawakuwa jeshi la sare. Mmoja mpe iliyofifia, kahawia zaidi. Mwingine mpe nyembamba. Mzee wa kikosi mpe iliyokolea yenye upana. Kwa mabosi ongeza rangi nyingine. Sanamu ya mwanamke iliyofukuliwa Baza mwaka 1971, ya karne ya 4 K.K., bado ina rangi zake: joho la buluu lenye ukingo wa mirabaraba yenye nyekundu. Ukingo huo wa mirabaraba unafaa sana kwa joho la jemadari mpanda farasi. Paka utepe mweupe, gawa kwa mistari miwili ya urefu na mingi ya upana, kisha jaza nyekundu kisanduku kimoja, ruka kinachofuata.

Kwa joho jeusi la Mseltiberia kanuni ni kinyume cha kitani: usianze na nyeusi tupu. Changanya nyeusi na kahawia nzito, kisha chukua brashi kuukuu, ichovye kahawia nyepesi, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, na uipitishe juu juu. Sufu yenye manyoya itajitokeza yenyewe.

Chuma na shaba

Upanga wao maarufu, wenye ubapa uliopinda na kichwa kizito, huitwa falcata siku hizi; ni jina lililotungwa katika karne ya 19. Mpini wake mara nyingi ulichongwa kama kichwa cha farasi au cha ndege, ukizunguka vidole. Paka nyeusi, kisha chuma, kisha rangi ya kivuli, halafu mstari mwembamba wa chuma kinachong'aa kwenye makali peke yake. Mpini ukitaka uutie nukta za fedha, kwani falcata zenye nakshi za fedha zimefukuliwa.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulikosea. Waiberia walikuwa na mkuki wa kurusha ulioitwa *soliferreum*, mrefu kama mita mbili, uliofuliwa wote kwa chuma, kutoka ncha hadi mwisho. Nimeona vikosi vilivyopakwa kwa ufundi mkubwa vikiwa na mikuki hiyo yenye mti wa kahawia. Kagua kisanamu chako: kama mkuki ni mwembamba sawasawa na hauna mahali kichwa kinapoungana na mti, ni soliferreum, upake chuma wote, na kutu kidogo mahali pa kushikia.

Deraya za duara za kifuani, kama zile za sanamu za Porcuna mkoani Jaén, zipake shaba: kahawia nzito chini, shaba juu, kivuli, kisha shaba iliyochanganywa na fedha kidogo kwenye ukingo.

Ngao

Vyungu vya Iberia vilipambwa kwa rangi nyekundu ya udongo juu ya ufinyanzi uliofifia: duara ndani ya duara, nusu duara zilizopangwa, mistari ya mawimbi. Vile vya Llíria, vilivyoko makumbusho ya historia ya kale ya Valencia, vina mashujaa kabisa, wa miguu na wa farasi. Mbao na ngozi za ngao zimeoza, lakini mkono uliochora vyungu uliishi kijiji kimoja na mwenye ngao, na mimi huchukua mapambo yangu huko.

Duara ndani ya duara ndiyo inayowashinda watu. Siri ni kutozungusha mkono. Chomeka pini nyuma ya caetra, iingize kwenye kizibo laini ili izunguke kwa urahisi, tuliza kiwiko mezani, gusisha ncha ya brashi juu ya ngao, kisha izungushe ngao yenyewe kwa mkono mwingine. Mfinyanzi mwenye gurudumu hufanya hivyohivyo. Rangi iwe nyepesi itiririke, na brashi isiguse zaidi ya ncha. Anza na duara ya nje. Ukikosea, futa haraka kwa brashi yenye maji na urudie.

Kitovu cha ngao kipake chuma au shaba mwishoni. Ngao mbili zisifanane kabisa, ila rangi zirudierudie: nyekundu ya udongo, krimu, nyeusi, kahawia ya ngozi. Kanzu nyeupe zinahitaji ngao zenye rangi nzito mbele yake.

Wapiga kombeo

Diodorus anasema mtu wa Balearic alibeba makombeo matatu: moja kichwani, moja kiunoni, moja mkononi. Strabo, mwanajiografia Mgiriki, anataja vitu vilivyotumika kuyatengeneza: nyasi nyeusi, nywele na mishipa ya wanyama. Ndiyo maana kamba aliyojifunga kichwani si kitambaa cha urembo. Ipake nyeusi, ile ya kiunoni kahawia, ile ya mkononi krimu chafu, kisha anza na askari mwingine.

Kitako na vanishi

Kwa kitako, yaani kibao anachosimama askari: gundi nyeupe ya mbao, mchanga uliochekechwa, kahawia nyepesi, brashi kavu ya rangi ya mchanga. Nchi ya Cartagena, kusini-mashariki mwa Hispania, ilijaa nyasi ya esparto hata Warumi wakaiita tambarare hiyo Campus Spartarius. Kuitengeneza, kata kamba ya mkonge vipande vya milimita 5, simamisha nyuzi chache ndani ya tone la gundi, zitawanye zikikauka, uzipake kijani iliyochanganywa na kijivu. Vishada viwili kwa kila kitako vinatosha.

Ngao sasa zibandike. Ngoja saa 24, kisha vanishi isiyong'aa, kwa masharti yaleyale ya hewa kavu, na ujaribu kwa kisanamu kimoja kabla ya kikosi. Vanishi ikizimua panga, zirudishie chuma ukingoni.

Kama meza yako ni ya Cannae, usiwaweke Waiberia wote upande mmoja. Polybius anasema vikosi vyao na vya Wagauli vilipangwa kwa kupishana, kimoja cha hawa, kimoja cha wale, na mwonekano huo ulikuwa mgeni na wa kutisha. Weka kikosi cheupe, kikosi cha vifua wazi, kikosi cheupe tena, safu nzima ikitokeza mbele katikati kama mwezi mwandamo. Kisha rudi nyuma hatua tatu utazame.